Kazi: Nyengine

Karani wa Wete hakunyanyua kichwa.
"Kazi?"
"Mchoraji."
"Hina au kuta?"
"Vyote. Na vyengine."
Akaipitisha kalamu juu ya fomu:
mkulima, mvuvi, mfanyabiashara, mtumishi wa umma,
mama wa nyumbani.
Kisanduku changu hakikuchorwa.

Nilitaka kumweleza, sikujua nianzie wapi.
Labda kwa yule mbu wa bango la zahanati,
miguu yake sita niliihesabu mara tatu,
daktari kanisimamia begani:
"Wewe mtie madoadoa tu,
watu wa hapa wanamjua kwa sura."

Au ule mguu wa matende.
Nilimkalisha mjomba Shaame kitini,
kanzu kaipandisha hadi gotini,
akaniuliza, "Na mwenye mguu halipwi?"
Nikampa nusu.
Bango likabandikwa mpaka Konde,
naye, hadi alipofariki, kila akipita pale
alikuwa akisimama kuusalimia:
"Hujambo, mwenzangu?"

Mize Faki, tuliyegawana naye penseli moja kwa wembe,
alivukia Unguja, akaajiriwa na watu wa kanga.
Mize hachori mtu.
Huchora mji usio na nyumba wala njia,
auzungushie pindo, kisha akae na rula
kulibana jina lisije likamwagika:
maneno ya kumsuta jirani
yana herufi nyingi kuliko nafasi.
Akinipigia simu husema,
"Leo nimepunguza tusi, nimeongeza korosho."

Na yuko Ussi, mtu wa Michenzani,
fundi wa vichwa vya saluni,
kumi na viwili ukutani, kila kimoja na nambari.
Wateja huingia, hunyoosha kidole: "Ninyoe saba."
Kijana mmoja alitaka tisa.
Kinyozi akaapa
nywele za tisa hazijaota duniani,
kazizua Ussi
siku rangi nyeusi ilipobaki kidogo.

Mimi nna kuku.
Kuku wa darasa la pili, ukurasa wa kumi na tisa.
Wizarani walinirudishia mara nne:
mnene mno;
mbona anacheka;
kivuli chake kimeikanyaga herufi K.
Mara ya nne wakaandika:
Safi sana. Lakini mrejesheni yule wa kwanza.

Na bwana wa sabuni,
aliyetaka mkarafuu
"uwe wa Pemba, lakini wa kizungu zaidi."
Nikauchora ule ule wa nyuma ya jiko letu,
nikaunyoosha mgongo.
Akaupenda.

Haya yote sikuyasema. Nyuma yangu
mtoto alikuwa analia, na mtu anakohoa kwa makusudi.
Karani akaandika: Nyengine.
"Tia sahihi."

Nikatia. Akaitazama. Akafungua jalada.
"Hii siyo ile ya mwaka juzi."

Kweli, haikuwa.
Miaka ishirini na sita mkono huu unafanya kazi
na hakuna mahali ulipotakiwa jina.
Mbu hana jina langu.
Mguu, watu wa Konde wanajua ni wa nani.
Kuku, watoto wameshamtia ndevu na miwani,
wao ndio wenye haki naye.
Nifumbe macho nitakuchorea ukucha wake,
lakini jina langu
kila siku nalianza upya kama mgeni.

"Ifanye kama hii," akasema karani,
akanigeuzia karatasi ya zamani.

Basi nikaiinamia kama kazi ya mteja.
Pembe ile, mkunjo ule,
mkia umelala kidogo kushoto,
hapa aliyeandika alikuwa na haraka.
Nikainakili.

Akazilinganisha, kidole juu ya hii, kidole juu ya ile.
"Enhe," akasema. "Sasa ndiyo yako."