Chumvi ya Kisima

Daktari wa Mjimwema alisema: punguza chumvi.
Mama akacheka, akanitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda baharini
nikaileta uani kwa ndoo.

Kisima alikichimba baba, mwaka wa foleni za sukari,
futi arobaini kwenda chini.
Majirani walikuja na madumu toka Kibada,
wakionja kwanza, wakisifu.
Sasa sabuni haitoi povu.
Chai tunainywa kama mchuzi.
Wali naupika bila chumvi na mama anauliza:
nani katia?

Ufuo tuliochezea rede umeliwa, na minazi sita.
Mama husema:
maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,
sisi hatukuyavulia,
yametufuata chumbani tumevaa.

Mia na themanini kwa mia na kumi.
Muuguzi Zamoyoni anausoma mstari wa zebaki,
anausoma tena,
kisha anaulegeza mkanda taratibu
kama anayemfungua mtoto mbeleko.

Usiku ni kazi nyingine.
Umeme umekatika tangu magharibi.
Bati lilikopa jua mchana kutwa
na sasa linalipa deni lote juu yetu.
Mama kalala sakafuni, kwenye saruji, khanga moja.
Nimeweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake,
nahesabu.
Mia na nne.
Mia na kumi na mbili.
Moyo unapanda ngazi, mwenyewe amelala.

Vidonge vyake vinatoa maji mwilini.
Joto nalo linatoa maji mwilini.
Nikimnywesha ya kisimani, namnywesha chumvi.
Nisipomnywesha...
Hesabu hii hatukufundishwa shuleni Kibugumo.

Kuna maji ya gari, yanatoka Toangoma,
dumu moja shilingi mia tano.
Sketi ya shule nikiishona mpaka pindo
ni madumu sita.
Mwezi huu shule zimefungwa.

"Usinihesabu kama kuku," anasema gizani.
Kumbe yu macho.
"Unapiga?"
Unapiga, mama.
"Basi lala."

Silali. Bahari inagonga ukuta mpya wa hoteli,
inarudi nyuma, inagonga,
na vidole vyangu havijui tena
wanahesabu nini.
Naanza upya.
Moja.