Sweta ya Kongowea

Barua mbili, juu yake kopo la iliki zisipeperuke.
Chuo cha Tudor: nauli ni miguu, nalala kwetu Kibokoni.
Cha Eldoret: karo maradufu, na ile baridi.
Mama apiga hesabu nyuma ya bahasha,
mahamri mia tatu, toa unga, toa mafuta,
kalamu yagoma.

Nilipokwenda kule kuchungulia
walinicheka niliposema "yuwaja".
Ila maktabani msichana mmoja alinisogezea kiti
bila kuuliza mimi wa wapi.
Hilo sijamwambia mtu.

Leo mama katoka Kongowea na sweta ya mtumba,
kifungo kimoja hakipo.
"Ya nani?"
"Ya atakayeivaa,"
na akaanza kutunga uzi sindanoni.