Ripoti kwa Veikko, Baada ya Zamu

Ulisema niambie ukweli, dada,
usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.
Basi nakuandikia saa mbili asubuhi,
viatu vya zamu bado miguuni,
giza la Tampere halijabanduka dirishani,
theluji inashuka kama mtu asiye na haraka ya kufika.
Mchezo wako nimeucheza asubuhi nne mfululizo.

Nianze na sauti.
Nani alikufunza kunyamaza namna ile?
Hospitali yako iliyohamwa, ghorofa ya kwanza,
nina tochi na risasi mbili,
na kitoroli kinalia gurudumu mahali fulani mbele yangu,
kisha nyuma yangu,
bila kunipita.
Gurudumu lile nalijua. Nalisukuma kila usiku wodi ya tano.
Mimi niliyewafumba macho watu kumi na mmoja mwaka huu,
nilikaa na kidhibiti mkononi, viganja vimelowa,
nikiuogopa mlango wa chumba cha dawa.
Dakika saba sikuufungua. Nilihesabu.
Na betri ya tochi, inavyokufa taratibu,
manjano kwanza, halafu hudhurungi,
kama chai inayoongezwa maji:
hiyo iache. Asiiguse mtu.

Ila ghorofa ya tatu, ndugu yangu, umenipa rashasha.
Nani aliililia?
Risasi mia mbili, na nyingine zimejaa kila droo
kama pipi za kikohozi mkobani mwa shangazi Hilkka.
Mwenye risasi mia mbili haogopi, anafagia.
Nikafagia. Nikapiga miayo.
Woga ni mgeni wa nyumba ya kimaskini;
ukimwandalia karamu, haji.

Na lile zimwi.
Najua limekula miezi minane ya usingizi wako,
kila jino lina kivuli chake.
Lakini umelisimamisha chini ya taa,
likanigeuzia shavu hili, kisha lile,
kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.
Halafu likakwama mlangoni.
Likatembea palepale, bega kwenye fremu,
mlevi wa Ijumaa anayetafuta funguo,
mpaka nikalionea huruma
na kulipiga risasi ili nilipumzishe.
Ulitaka nipige mayowe;
nimecheka hadi jirani akagonga ukuta.

Wodini, Veikko, kinachotisha hakina meno.
Ni taa ya kengele kuwaka
juu ya chumba ulichokitandika mwenyewe saa saba,
kitupu, shuka zimenyooka.
Unakwenda, unaizima, unarudi kitini.
Hujaambiwa kitu.
Hicho ndicho.

Mengine ni madogo. Daktari wako anaongea mno,
ananisimulia utoto wake mzima nami nimemwelekezea mtutu.
Ramani haisomeki.
Nikifa unanirudisha mbali mno,
na mara ya tatu hofu inageuka kazi,
nami kazi ninayo.

Chumba namba kumi na nne nimekiacha mwisho makusudi.
Humo hamna zimwi. Kitanda, dirisha, kiti,
na mgongoni mwa kiti sweta ya kijani.
Tochi ilikuwa imeisha. Niliona mabega tu.
Nikafyatua mara tatu
ndipo nikakiona kifungo, kimoja, chekundu,
nikakumbuka nani alikishona,
na jinsi alivyosema vya kijani vimeisha dukani,
na kwamba nani atamtazama kifungo, ajuza kama yeye.
Hukuniambia umemweka humo.
Sweta iliteleza ikaanguka sakafuni, bila sauti,
wewe uliyetia sauti hata kwenye vumbi.
Nilikaa mpaka skrini ikazimika yenyewe.

Rashasha itoe. Zimwi lirudishe gizani.
Mlango upanue.
Chumba kile usikirekebishe hata kidogo.

Jambo moja tu, na unijibu kabla sijalala:
ile sweta uliipiga picha lini,
mbona kila mkunjo wake ni ule ule?
Mimi nilidhani tulimzika nayo.