Zina Miguu

Ijumaa, sinia la wali limekwisha kuondolewa,
dele ya kahawa inazunguka,
na ndugu zangu wanatoa mashine zao
kama watu walioambiwa watoe vitambulisho.

Shinuna ndiye wa kwanza. Yake nyembamba, rangi ya fedha,
haina feni, haina kelele, chaji yake siku nzima.
"Nimekwenda nayo Salala na kurudi, waya sikuutoa begini."
Anaipakata vile alivyompakata kifunguamimba wake,
kiganja kimoja chini, kama kwamba ina shingo.
Namuuliza: kumbukumbu ikikupungukia, unaiongezaje?
Haiongezwi. Haifunguliwi. Ulichonunua ndicho.
Basi, nasema, ni mume wa kuchaguliwa.
Shemeji anajifanya anatafuta sukari.

Yaarub yake kaiacha Sohar, haibebeki,
katuletea picha tu: sanduku la kioo,
feni saba, mirija ya maji ya kupoza,
taa za kijani zikigeuka zambarau, zikigeuka nyekundu.
Harusi hiyo, nasema. Ya nani?
"Ya michezo," anajibu. Kisha, baada ya kumeza tende,
"na ya kazi."

Yangu iko chumba cha nyuma, hapa hapa Nizwa,
nyeusi, nzito, ubavu wake umeshikwa na skrubu mbili
mahali pa nne.
Humo zimo hesabu za maduka matatu:
la halua, la matairi, la fundi wa kanzu.
Mwezi wa saba, joto digrii arubaini na sita,
ilizimika katikati ya matairi.
Nikaifungua: vumbi rangi ya ngamia, laini kama poda,
na mjusi kafiri mmoja, mkavu,
kaukumbatia mtambo wa umeme.
Alifuata upepo wa feni, maskini. Nani asingeufuata?

Nikaendesha hadi Ruwi. Biju, mtu wa Kerala,
Kiswahili chake kakiokota kwa wateja wa kwetu,
akaniuliza, "Bwana, mezani au mapajani?"
Nikasimama mbele ya rafu mpaka adhana ya adhuhuri.
Ya mapajani, riali mia mbili na themanini.
Mtambo wa umeme, riali kumi na moja.
Niliporudi na kiboksi kidogo, Yaarub alinipigia simu kunicheka,
na leo anarudia mbele ya watu:
"Miaka kumi na moja unaviraka tu!"
Mchagua jembe si mkulima, namjibu,
ingawa kweli ni kwamba niliogopa bei.

Mama kakaa pembeni, kanga mabegani, anasikiliza.
"Hiyo kumbukumbu mnayoitaja, inauzwa?"
Inauzwa, Mama. Kipande riali kumi na mbili.
"Niletee viwili. Miwani yangu siioni tangu asubuhi."
Iko kichwani mwako, Mama.
"Basi kimoja."

Jumamosi alasiri Shinuna akafunga kifuniko, tap,
akaitia mashine begini, watoto akawatia garini.
Yaarub alikwisha kushika njia ya Sohar tangu mapema.
Vikombe vikabaki, na waya mmoja mweupe wa chaji
uliosahauliwa ukutani, hauingii popote kwangu.

Mama akaja chumba cha nyuma na mto wake.
"Washa hilo dude."
Feni ikakohoa, ikapiga chafya ya vumbi, ikashika.
Kwenye kioo kipana akatokea dada yake, Bi Time, kule Wete,
paji la uso na nusu ya dari.
"Shusha simu, Time! Naongea na taa!"
Wakaanza na bei ya karafuu,
wakaingia kwa wagonjwa, wakarudi kwenye karafuu.

Nilikuwa sakafuni, naushikilia ubavu usitetemeke,
Mama aliposema, bila kugeuka,
sijui akiniambia mimi au Bi Time,
"Zile nyingine nzuri. Ila zina miguu."

Nikavuta droo,
nikaanza kutafuta skrubu ya tatu.