Kidonge cha Baba Mkwe

Tumbo lilikaza saa nane usiku,
likaachia, likakaza tena,
kama mtu anayejaribu kitasa
asiye na hakika kama nyumba ndiyo hii.

Nililala ubavu wa kushoto, kama walivyoniagiza kliniki,
nikihesabu kwa simu:
dakika kumi na mbili. Kumi. Kumi na moja. Nane.
Wiki thelathini na tatu na siku mbili.
Gauni la Mama Anaeli lilikuwa bado chereheni,
upande mmoja una pindo, wa pili nyuzi zinaning'inia,
nikawaza, hata wewe, jamani,
unataka kuvaliwa kabla sijakata uzi?

Ndewirwa akamwamsha Shirima mwenye bajaji.
Kutoka Pasua hadi hospitali sikuona mlima;
niliona matuta tu, kila moja kwa jina lake.

Mkunga Aikaruwa aliweka kiganja juu yako
akatazama saa ya ukutani,
akanyamaza muda wa chai kuchemka.
"Njia bado haijafunguka sana," akasema.
"Tunaweza kumwomba asubiri."
Kumwomba. Kana kwamba una masikio,
nasi tuna adabu.

Kisha akauliza: umetumia dawa gani?

Hapo ndipo ulimi ulipokuwa mzito.
Nilipewa vidonge vya mkojo, vya siku saba.
Nikameza vya siku mbili.
Siku ya tatu nilifungua kile kikaratasi cha ndani,
kile kinachokunjwa mara kumi kama barua ya deni,
nikasoma *mjamzito*, nikasoma *tahadhari*,
mengine sikuyaelewa, nikayaogopa kwa pamoja.
Vilivyobaki nikavitia kwenye kopo la vifungo.
Nilidhani nakulinda.
Kila nilipotafuta kifungo cha shati vilinitazama.

Nikamwambia. Sauti ilitoka kama ya mwizi.
Hakugomba. Aliandika.
"Wadudu walibaki," akasema, "huenda ndio wanaomsumbua.
Safari hii ukiogopa, njoo uogopee hapa."

Sindano ya paja, ya mapafu yako.
Nyingine baada ya saa kumi na mbili, na nyingine, na nyingine.
Halafu akanipa kidonge, rangi ya tofali,
nikakitambua kabla hajakitaja:
hiki ni cha Baba Mkwe!
Mzee Kilasara, kule Old Moshi,
anakihifadhi kwenye kopo la ugoro,
na siku akikisahau hugombana hadi na kuku.

"Lakini mimi sina presha."
"Najua. Kwa mzee kinalegeza mishipa.
Kwako kinalegeza mji wa mimba.
Siku mbili tu tunazitafuta,
sindano zifike kwenye mapafu."

Nilikishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Kikaratasi kilikuwa wapi? Nilitaka kukisoma,
na nilitaka mtu anikataze kukisoma.
Nikameza.

Kumi na tano. Kumi na tano. Ishirini na mbili.
Kitanda cha tatu mwanamke aliimba Kichaga kwa kunong'ona,
wa dirishani aliletewa nguo za mtoto, akazigeuzia ukutani.
Sikumuuliza.

Jioni ya pili Baba Mkwe akaja na chupa ya mtori.
Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi,
hajui aangalie wapi kwenye wodi ya akina mama.
Akauliza, "Kichwa kinagonga?"
"Kinagonga."
"Na uso unawaka, kama umeinamia jiko?"
"Unawaka, baba."
"Basi ndicho chenyewe," akasema,
akaketi, akacheka hadi akakohoa,
kama mtu aliyepata mwenzake wa safari.

Arobaini. Saa nzima. Halafu sikuhesabu tena,
nikalala.

Leo ni thelathini na nne na siku moja.
Vidonge vya mkojo nimevimaliza, vyote saba, kwa saa.
Mama Anaeli amepiga simu mara mbili kuhusu gauni.
Mkunga hakuniahidi kitu, nami sikumwomba ahadi.
Usiku unapogeuka huko ndani nashtuka,
naweka kiganja, natazama ukuta.

Kaa, baba. Kaa, mama. Yeyote uliye.
Uzi upo.
Bado nashona.