Herufi Tatu

Mialo mia tatu na kumi na miwili,
na Nyanzobe, karani wa mzani pale Kirumba,
aliishuka yote kwa gurudumu la kipanya
kila gunia la dagaa lilipotua.
Bukondo, Bwiru, Igombe… kidole kikateleza,
akaanza upya. Foleni ikakohoa.

Jumamosi nikaweka kisanduku juu ya orodha:
andika herufi tatu, mengine yajifiche.
Nikajinunulia soda.

Jumatatu akapiga simu: "Kijana, Lugezi imezama."
Imezamaje? Niliiingiza kwa mkono wangu:
Rugezi.
"Ndiyo, hiyohiyo Lugezi. Naandika l, u, g,
inasema hakuna."

Chai ikanipoa mkononi.
Cheti cha ubatizo kinasema Renatus.
Mama, kule Sengerema, aliniita Lenatusi
hadi siku tunamzika,
na niliitika kila mara.

Usiku ule niliongeza mstari mmoja tu:
wakati wa kutafuta, r na l ni ndugu.

Asubuhi nikasimama nyuma yake, ndani ya harufu ya dagaa.
L, u, g.
Rugezi ikapanda peke yake.
"Imeibuka," akasema, bila kugeuka.
"Haya, lete gunia."