Ukungu, Sanduku la Kumi na Nne

Tukuyu, Juni. Ukungu umeshuka mpaka dirishani
na haupigi hodi.
Nimevaa masweta mawili, kompyuta inavuma kama mzinga,
na mbele yangu daftari la Andongwisye, karani wa masjala,
aliyeorodhesha kila karatasi ya wilaya hii
kwa wino wa buluu, miaka kumi na tisa,
akastaafu bila mtu kufika ukurasa wa pili.

Kazi yangu ni kulihamisha daftari liende mtandaoni.
Si kulipiga picha tu. Kila neno nilivike alama zake,
mabano yenye ncha, kushoto na kulia,
ili mashine ya Dodoma, na ya Lusaka, na ya kokote,
ijue hili ni jina, hii ni tarehe,
hapa ni mahali na siyo mtu.
Kwani Masoko ni ziwa, ni kijiji, au ni masoko?
Mashine haijui. Huuliza kama mtoto, bila aibu.

Sheria yake moja naipenda:
ukifungua, funga.
Bibi yangu alisema hivyo hivyo kuhusu zizi.
Jana nilisahau kufunga alama moja, ya mwaka,
ng'ombe wote wakatoka:
majalada mia mbili yakawa ya 1938,
hata barua ya mtu aliyezaliwa baada ya Uhuru.

Halafu majina.
Mwakyambiki, Mwachambiki, Muakiambiki:
kila bwana shauri na sikio lake.
Kiwango kinataka jina moja liwe shina,
mengine yaning'inie: tazama pia, tazama pia.
Nikampigia mjukuu wake kule Kiwira.
"Andika lile alilokuwa akiliandika mwenyewe."
Hakujua kuandika, nikasema.
Akacheka. "Basi andika lile aliloliitikia."

Kisanduku cha *Mtunzi* hakikubali kubaki kitupu.
Sanduku la kumi na nne, jalada la tatu:
hati za malipo ya vibarua wa chai, kurasa arobaini na moja.
Mtunzi, daftari linasema, Ofisi ya Bwana Shamba.
Lakini chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, Andongwisye ameongeza:
dole gumba, watu 612.
Nimepekua orodha nzima ya kiwango.
Hakuna alama ya dole gumba.
Nikaliandika kwenye maelezo, herufi kwa herufi. Nikafunga.

Wiki mbili hazijaisha, simu ikalia.
Mwanamke, anaitwa Subilaga, yuko Kitwe;
babu yake alivuka kwenda migodini, hakurudi.
"Nimeliona mtandaoni. Sanduku la kumi na nne.
Nataka dole lake tu. Mnalo?"
Tunalo, nikasema, kwa majivuno,
kama mtu aliyelima mwenyewe.

Chumba cha nyuma kinanuka viazi vya mwaka jana.
Sanduku lipo. Namba ipo.
Kamba ya Andongwisye bado ina fundo lake.
Ndani, ukungu ule mwingine,
mweupe, wa manyoya, usioondoka na jua,
umekula tangu ukurasa wa kwanza hadi wa thelathini na nane.
Niliugusa. Ukabaki na alama ya dole langu.

Mama Mwambungu, mkuu wangu, akasema futa mstari ule,
tusije tukaaibika.
Sikufuta. Kuna alama ya *hali ya nyaraka*;
niliifungua nikaandika:
Kurasa tatu zinasomeka. Nyingine zilikuwepo.
Nikaifunga.

Kisha nikampigia Subilaga, nikamsomea hizo tatu,
polepole, mtu baada ya mtu,
jina, senti, dole; jina, senti, dole.
Upande wa pili kimya, nikadhani laini imekatika.
Nilipofika mwisho akasema, "Rudia la saba."
Nikarudia.